Tumbo Langu na Kibuyu cha Wakwe

Nianze na choo, maana mwaka ule sikuishi kwingine. Choo cha kambi yetu kwenye shamba la ngano kilikuwa cha mabati, kimesimama peke yake nyuma ya jiko la mesi, na upepo wa uwanda wa Hanang ulikipiga mchana kutwa mpaka mlango ukawa unalia. Ndani kulikuwa na shimo, funza na magazeti ya zamani. Mimi niliajiriwa kupika, lakini miezi ile nilikijua choo kile kuliko nilivyozijua sufuria zangu. Nilijua bati lipi lina tundu, na kupitia tundu hilo nilijua nani anapita na nani amesimama ananisubiri nitoke. Hata sasa nikiikumbuka harufu yake mate yananijaa mdomoni.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Nimezaliwa Endagikot, kule juu kwenye baridi, katika nyumba ambayo mama yangu aliifagia mara tatu kwa siku. Mume wangu alipofariki nilishuka uwandani kutafuta kazi, nikapata mesi ya shamba la serikali, nikamsomesha binti yangu wa pekee kwa mwiko wangu. Nasema haya ili ieleweke kwamba mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Nikikuta unywele kwenye mboga namwaga sufuria nzima, na madereva walale njaa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa tumbo la kumharisha mara kumi kwa siku, maji matupu, bila damu, bila homa, na bila sababu ambayo mtu yeyote angeweza kuniambia.

Sitapamba mambo. Wakati wa mavuno nilikuwa napeleka chakula kwa madereva wa kombaini, zile mashine za kuvunia, katikati ya shamba. Asiyelijua shamba lile hajui maana ya kukosa pa kujificha. Ngano ikishavunwa hakuna mti, hakuna kichaka, hakuna hata kichuguu. Mtu aliye mbali kabisa unamtambua kwa mwendo wake. Siku moja tumbo lilinikamata tukiwa juu ya trela, mimi na masufuria. Nikamwomba dereva wa trekta asimame. Nilishuka, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, mabua tu mpaka mlimani. Nilichuchumaa nyuma ya gurudumu, na yule dereva, mtu mzima mwenye watoto, akaugeukia Mlima Hanang na kuanza kupiga mluzi wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote ili asinisikie. Mpaka leo wimbo ule ukiimbwa nainamisha kichwa, na watu wanadhani nasali.

Nilijichukia. Nilichukia mikono yangu hata baada ya kuinawa, nilichukia kitenge changu, nilichukia kikohozi, maana kukohoa kulikuwa hatari. Zahanati ya kambi walinipa dawa ya amiba mara sita. Niliinywa mpaka ulimi wangu ukawa na ladha ya msumari, na bado maji yakatoka vilevile.

Nikakonda. Miaka ile mtu akikonda huku anaharisha, watu walikuwa na jibu tayari, na hawakulitamka jina lake. Walisema tu "ugonjwa wa siku hizi". Wanawake wenzangu wa jikoni wakaanza kuniwekea kikombe changu pembeni. Mmoja alikuwa anakishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya. Nilikwenda kupima, nikaambiwa sina. Lakini sikuweza kuibandika ile karatasi kwenye paji la uso nitembee nayo.

Ndipo nikaenda hospitali ya misheni. Daktari alikuwa binti wa rika la binti yangu, na jambo hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu kabla ya kuzungumza naye nililazwa ubavu, magoti kifuani, akaniingizia mpira wenye taa mahali ambapo sitapataja. Niliukazia macho ukuta. Kulikuwa na buibui, nikamhesabu miguu.

"Utumbo wako unaonekana mzuri tu, mama," akasema.

Nilitamani kumzaba kofi. Mzuri! Miezi minane nalala na ndoo, mtu ananiambia utumbo wangu mzuri. Lakini alikuwa mtoto mwenye akili. Alinyofoa vipande vidogo akavipeleka kwenye hospitali kubwa mbali huko, na baada ya wiki kadhaa akaniita. Akanieleza kwamba kuna uvimbe wa utumbo mpana ambao macho hayauoni, hata macho ya daktari na taa yake. Unaonekana kwenye darubini peke yake. Hauui. Hauambukizi mtu. Lakini utumbo wa hivyo haunyonyi maji, basi yote unayokunywa yanapita.

"Na sasa niambie kweli," akasema. "Kuna dawa gani nyingine unazotumia?"

"Hakuna."

Sikumdanganya. Niliamini hivyo. Nikafungua mkoba kutafuta leso, maana kusikia "hauambukizi" kulinitoa machozi, na kifurushi changu cha karatasi kikaanguka sakafuni, vidonge vya njano vikatawanyika mpaka chini ya meza yake.

"Na hivi?"

"Hivyo si dawa," nikamwambia. "Hivyo ni vya kazi."

Aliweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze habari ya kopo. Mezani kwetu mesi palikuwa na kopo la chumvi, kopo la sukari na kopo la vidonge vya maumivu. Kombaini zile zilikuwa zinawatikisa madereva kuanzia umande unapokauka mpaka jua linazama, mgongo unakuwa si wako tena. Wabeba magunia nao walikuwa na mabega yao. Kwa hiyo kila asubuhi mtu alichovya mkono kwenye kopo, akameza viwili na chai, akaenda. Mimi ndiye niliyelijaza kopo lile. Na kwa kuwa magoti yangu yalikuwa yameharibiwa na sakafu ya saruji, nami nilimeza: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na chai nzito ya maziwa. Dawa kwetu ilikuwa kitu cha mgonjwa. Mtu mzima anayekwenda kazini hanywi dawa, anachukua vidonge tu.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

Alisema hawezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyoleta ugonjwa, lakini vinauchokoza utumbo wa namna hii, na kuanzia saa ile nisivitie tena mdomoni. Nikajiona mpumbavu wa kupindukia. Mwanamke anayemwaga sufuria kwa ajili ya unywele, anajilisha mwenyewe kinachomharisha, mara tatu kwa siku, kwa mkono wake. Niliporudi kambini nililitoa lile kopo mezani. Madereva wakalirudisha.

Matibabu yenyewe nayo yalikuwa adha. Nilipewa vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza uvimbe, nianze na vingi, nishuke polepole kila wiki, nisithubutu kuacha ghafla. Nikapewa na vingine vya kufunga tumbo, vya siku mbaya. Kahawa marufuku. Pilipili marufuku. Maziwa marufuku, na chai iwe ya rangi, nyepesi. Maharage nisogee nayo mbali mpaka nitulie. Mkate na chapati niliviacha mwezi mzima, nione, na sikuona tofauti yoyote, nikavirudisha. Ngano yetu haikuwa na kosa. Nilikula wali, viazi, ndizi za kupikwa na supu ya kuku niliyoiengua mafuta, huku napikia watu mia maharage yenye nazi na vitunguu vya kukaanga.

Daktari alitaka niandike kila ninachokula na kinachofuata. Nilinunua daftari la shule. Juu, mahali pa somo, nikaandika "Mavi", kwa sababu ndiyo yaliyokuwa somo. Jumanne, maharage, mara saba. Alhamisi, wali mtupu, mara tatu. Ijumaa, embe, sitaki kukumbuka. Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Gitting, alikuja kunitembelea akalikuta, akadhani ni daftari la mwanafunzi, akalifungua. Hakula chakula cha mchana siku ile.

Vile vidonge vyeupe vilinivimbisha uso na kuniletea njaa ya ajabu. Waliosema ninakufa sasa wakasema ninakula nyama ya madereva. Mwezi wa pili ukaisha nikiwa nakwenda chooni mara moja kwa siku, na nilichokiacha kule kilikuwa na umbo. Nilisimama nikakitazama. Sijawahi kumweleza mtu, lakini nilikitazama kwa furaha, mimi, na funza mmoja akapanda juu yake.

Daktari akaniruhusu kujaribu vyakula kimoja kimoja. Maharage yalikubali, machache. Kahawa ilikataa. Nilipojaribu maziwa, kikombe kimoja, hazikupita saa mbili nikawa nyuma ya mabati, na nilikaa huko siku tatu. Maziwa nikayafuta maishani mwangu, na yangebaki hivyo kama binti yangu asingepata mchumba.

Mchumba alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba letu, kijana mpole, mtoto wa wafugaji wa uwandani. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wakilisha palepale ambapo sasa tulikuwa tunavuna ngano. Shamba lilipokuja, wao walisukumwa pembeni. Baba yake hakulisamehe shamba, na kumwona mwanawe anarudi nyumbani na mafuta ya trekta mikononi ilikuwa taabu ya kutosha. Sasa kijana anataka kumwoa binti wa mpishi wa shamba lilelile. Hata hivyo walikubali. Lilibaki jambo moja: mama wa binti aende akanywe maziwa. Katika ukoo wao, mama wa binti anapewa kibuyu cha nyumba ambayo mwanawe atakwenda kuishi, anakunywa mbele ya wazee. Akinywa, amemtoa mwanawe. Asipokunywa, amemnyima.

"Mama, siku moja tu," binti yangu akaniambia. "Ukikataa watasema mambo mawili. Una dharau, au una ugonjwa ule."

"Na nikinywa?"

"Utakunywa kidogo."

"Mwanangu, umelisoma lile daftari."

Akaanza kulia bila sauti. Alikuwa anampenda yule kijana kweli. Nikamwambia nitakunywa.

Tulikwenda asubuhi, nikiwa nimemeza vidonge viwili vya kufunga tumbo na sijala kitu. Boma lao lilikuwa mwisho wa shamba, pale ngano inapokoma kama imekatwa kwa kisu. Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta choo kwa macho. Hakikuwepo. Kulikuwa na zizi, nyumba mbili za udongo, na uwanda mtupu pande zote. Nikawaamkia wazee, shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda. Alikuwepo baba wa kijana, kaka mkubwa wa baba huyo aliyejifunika shuka nyeusi, na kijana mwenyewe wa kututafsiria. Kwetu sisi mkwe wa kiume hata kumtazama sana usoni ni aibu, na huyu ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

Kibuyu kikaletwa. Kilikuwa kimefukizwa kwa kijiti cha moto, kinanuka moshi, na maziwa yalikuwa mazito yenye vipande vidogo vyeusi vya mkaa. Wale wanaoyapenda wanasema hakuna maziwa matamu kama hayo, na mimi mwenyewe niliyapenda zamani. Sikuwa na kinyaa na maziwa yao. Nilikuwa na kinyaa na nitakachoyafanya. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakisogeza mdomoni, na kabla hayajagusa midomo tumbo langu likanguruma mpaka mbwa akainua kichwa. Nikauona uwanda ule, wazee wale, na mimi nachuchumaa nyuma ya zizi lao. Nikakishusha.

Yule mzee wa shuka nyeusi akasema jambo kwa lugha yao. Kijana akaangalia chini, hakutafsiri. Basi mzee akanigeukia akasema mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Shamba yenu ilikula nyasi yetu. Sasa hata maziwa yetu ni chafu."

Binti yangu akajifunika uso kwa khanga. Nilitaka kusema si hivyo, baba, si hivyo hata kidogo. Lakini ningesemaje? Nimwambie kijana, mkwe wangu, awatafsirie baba zake kwamba mimi naharisha? Niliona heri ardhi inimeze. Nilikaa pale kibuyu kikiwa mapajani, nikijua kwamba kila nikinyamaza namnyang'anya mwanangu mume wake.

Nikanyanyuka. Sikukiweka kibuyu chini, niliogopa kukiweka chini. Nilikikumbatia nikazunguka nyuma ya nyumba, ambako mama wa kijana alikuwa na ndama wake. Alikuwa mkubwa kwangu, mrefu, mkavu, na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kibuyu iko na nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno ambayo mama yangu angenipiga makofi kwa kuyatamka. Kwamba naharisha. Kwamba maziwa yakiingia yanatoka maji, siku tatu, na siwezi kujizuia. Kwamba si ule ugonjwa wa siku hizi, nimepima. Kwamba siwadharau. Machozi na makamasi yalikuwa yananitoka pamoja, na mikono yote miwili imeshika kibuyu, siwezi kujifuta.

Alinisikiliza, hakubadilisha uso.

"Inatoka maji?"

"Maji."

"Damu?"

"Hakuna."

"Inanuka?"

"Usiniulize, mama."

Akacheka, akanishika mkono akanivuta mpaka kona ya zizi. Kulikuwa na ndama mdogo amefungwa peke yake, mkia umegandamana, matako yote yametapakaa uharo wa njano, nzi wamejaa. Nilitaka kutapika. Yeye akainama akapitisha kiganja chini ya mkia wa yule ndama, akakitazama, akakipangusa kwenye ngozi aliyovaa.

"Hii pia," akasema. "Leo siku ya tatu. Mimi nimefunga yeye mbali na mama yake. Napa maji, chumvi kidogo. Maziwa hapana." Akanikazia macho kama aliyekasirika. "Nani anapa maziwa ndama ya kuharisha? Mtu mjinga!"

Miezi minane, dawa ya amiba mara sita, mpira wenye taa, darubini ya mbali. Nilisimama pale na kibuyu changu nikamtazama ndama mwenzangu. Baadaye nilisikia alipona haraka kuliko mimi.

Mama yule hakuniachia nafasi ya kumsihi anitunzie siri. Alirudi mbele kwa wanaume, mimi nyuma yake, akawafokea kwa lugha yao, kwa sauti, akionyesha zizi, akionyesha tumbo langu, na mara moja akaonyesha nyuma yangu kwa mkono, ili pasiwe na asiyeelewa. Mzee wa shuka nyeusi aliiinua shuka akafunika mdomo, mabega yanatikisika. Mkwe wangu aligeuka akautazama Mlima Hanang, kama yule dereva, alikosa mluzi tu. Nilitamani kufa. Nasema kweli, nilitamani.

Kisha akanipokonya kibuyu, akayanywa yeye, kwa niaba yangu, mafunda makubwa, yakamchirizika shingoni. Akatuma apewe kibuyu kingine kidogo. Ndani kulikuwa na samli ya siku nyingi, ya njano, harufu yake ikanifikia kabla yake. Akachota kwa vidole vilevile, vilevile vya ndama, akanipaka kwenye paji la uso. Halafu, mbele ya wote, akaingiza mkono chini ya kitenge changu akanipaka tumboni, polepole, mara mbili, kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Imekubali," akawaambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Yule mzee akasema neno moja, na safari hii kijana akatafsiri. "Amesema binti ni wa kwetu."

Tulirudi kambini kwa trekta la shamba, tumekaa juu ya trela. Jua lilikuwa kali, samli ikayeyuka, ikanishuka usoni na tumboni, ikaloanisha kitenge. Nilinuka ng'ombe, nilinuka moshi, nilinuka kitu kilichochacha, na nzi walitufuata njia nzima. Binti yangu alikuwa ananishika mkono huku amegeuza pua upande wa upepo.

"Mama, tukifika tu nakuchemshia maji uoge."

"Usichemshe," nikamwambia. "Nitaoga kesho."

Kesho yake pia sikuoga.